Mtunzaji naye atazeeka

Swali la wiki lilikuwa: mzee asiyejiweza, gharama za matunzo yake abebe nani: watoto, serikali au bima?

Namuuguza mama yangu hapa Unguja, huu mwaka wa sita. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, nami nikaacha kazi ya hoteli. Usiku naamka kila saa mbili kumgeuza. Nikipitiwa na usingizi hadi alfajiri, ngozi ya nyonga inabadilika rangi, na kidonda cha kulalia kikishachimbika huchukua miezi kupona. Dawa na pampasi ni ghali, lakini gharama kubwa kupita zote ni mtu wa kukaa naye mchana kutwa na usiku kucha. Mtu huyo humsikii akitajwa kwenye bajeti.

Dada yangu anatunza wazee Ujerumani, na yeye ndiye aliyenieleza. Kule tangu 1995 wana bima ya matunzo, mbali na ya matibabu. Mfanyakazi anakatwa kwenye mshahara, naye mwajiri anachangia. Kwa mwaka 2025 ni asilimia 3.6 ya mshahara, na asiye na mtoto hukatwa zaidi. Mkaguzi huja nyumbani kumpima mzee: anajilisha? anajigeuza? Kisha humpangia daraja, la 1 hadi la 5. Mzee anayetunzwa nyumbani na watu wake hupewa fedha kuanzia daraja la 2, euro 347 kwa mwezi, hadi euro 990 kwa daraja la 5. Lakini lililonitoa machozi ni jingine. Anayemtunza mzee wa namna hiyo saa 10 au zaidi kwa wiki, na hana ajira inayozidi saa 30, bima humlipia michango ya pensheni. Miaka aliyokaa kando ya kitanda cha mama yake inahesabiwa kuwa ya kazi.

Wajapani, walipoanzisha bima yao Aprili 2000, walikataa kutoa fedha mkononi. Wanawake walihofu kwamba pesa ikitolewa, mkamwana ndiye atakayefungwa na mzigo, kisha aambiwe mbona unalipwa. Kwa hiyo hutolewa huduma: gari linamfuata mzee asubuhi, anaogeshwa kituoni, anakula, anarudishwa jioni. Kila aliyefika miaka 40 anachangia, nusu nyingine inatoka kwenye kodi, na mtumiaji analipa asilimia 10, mwenye kipato kikubwa zaidi ya hapo. Hofu yao naiona ya kweli kabisa. Siku moja kama hiyo kwa wiki, mimi ningelala tu.

Njia ya Uingereza nisingependa tuifuate. Huko England, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia makao ya wazee mwenyewe, na kama hakubaki mwenza nyumbani, hata nyumba yake huhesabiwa humo.

Kwetu Zanzibar, pensheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilikuwa shilingi 20,000, ikapandishwa hadi 50,000. Mama anaipata na naishukuru kwa dhati. Wasio na mtu wana nyumba za serikali, kama Sebleni na Welezo. Ila mtunzaji wa nyumbani hayumo kwenye daftari lolote.

Najua watakaosema ni aibu mtoto kulipwa kwa kumuuguza mamake. Radhi za mama siziuzi, wala sijaomba mshahara. Lakini nina miaka 47, na michango yangu ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ilisimama siku ile niliyoacha kazi. Basi jibu langu ni hili: serikali ianze na hiyo michango. Daktari athibitishe hali ya mzee, sheha athibitishe nani anayemtunza, na huyo achangiwe kwa muda wote atakaokuwa kwenye kazi hiyo. Masheha wanatujua. Katika shehia yetu peke yake naweza kutaja nyumba nne zenye mgonjwa kama mama, na katika zote nne aliyeacha kazi yake ni mwanamke.