Hesabu gani inatosha kusoma jaribio la dawa?

Mdogo wangu, umeuliza muuguzi ajue hesabu gani ndiyo aelewe ripoti ya jaribio la dawa. Mimi pia ni muuguzi, hapa Goma, na shule yangu ilikuwa jaribio la kwetu: PALM, Pamoja Tulinde Maisha. Dawa nne za Ebola, Kivu Kaskazini, Novemba 2018 hadi Agosti 2019.

Niliisoma zamu ya usiku, penseli mkononi. Kwanza nilijumlisha wagonjwa wa makundi yote manne: 169, 175, 174, 155. Ni 673, ilhali walioandikishwa ni 681. Kila ripoti ifanyie hivyo, kisha utafute wale waliobaki nje na sababu yake.

Halafu vifo. Chukua dawa mbili kati ya zile nne, ZMapp na mAb114. Waliopewa ZMapp walikufa 84 kati ya 169, yaani asilimia 49.7, wa mAb114 walikufa 61 kati ya 174, asilimia 35.1. Ukitoa, unapata pointi 14.6 za asilimia. Ukigawanya hiyo 14.6 kwa 49.7, vifo vimepungua karibu asilimia 29. Zote ni kweli, ila anayetangaza dawa atakutajia ile kubwa. Mimi hushika ya kutoa, kwa sababu inaniambia kitu cha wodini: gawa 100 kwa 14.6, unapata kama 7. Wagonjwa saba wakipewa mAb114 badala ya ZMapp, mmoja zaidi anaishi.

Lakini usiishie hapo. Wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani mipaka ambamo tofauti ya kweli yaweza kuwa, ulikuwa pointi 1.7 hadi 25.2. Hiyo saba yaweza kuwa nne, yaweza kuwa karibu 60! Usiku ule niliweka penseli chini. Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu "saba" kama jambo lililokwisha, na asubuhi nilirudi kuwasahihisha.

Thamani ya p, 0.007, inasema tu kwamba kama dawa zingekuwa sawa, tofauti kubwa hivi ingejitokeza kwa nadra sana. Ukubwa wa faida haiujui.

Na bahati nasibu, yaani kura inayoamua nani apewe dawa ipi, usiiruke. Kwa mAb114 hiyohiyo, waliofika na virusi vichache walikufa asilimia 9.9, wenye virusi vingi, 69.9. Daktari angechagua kwa macho nani apewe ipi, huruma yake peke yake ingetosha kuifanya dawa ionekane nzuri au mbaya. Ndiyo maana jedwali la kwanza, lile la hali ya wagonjwa walipoingia, ulisome kabla ya matokeo.