Usiiamini baridi ya Mbeya kwa samaki

Mdogo wangu unayeanza kuuza samaki hapa Mbeya, nakuomba usiiamini baridi yetu. Wageni wa kazi hii hushusha mzigo wa Kyela, kule Ziwa Nyasa, wakiwa na makoti mwilini, wakadhani samaki naye yuko salama juu ya meza. Hata Julai jua likitoka hapa panapata joto. Samaki anataka karibu nyuzi 0, na ameshapigwa na joto la Ziwa Nyasa kabla ya kupanda Tukuyu.

Kwa hiyo barafu ianze kule kule ziwani. Kilo ya samaki kwa kilo ya barafu, tena iliyopondwa, maana pande zima humchubua na kuacha mianya. Tandika barafu, panga samaki, funika kwa barafu, hivyo hivyo mpaka deli lijae. Deli liwe na tundu chini. Hili watu hulipuuza sana! Maji yanayoyeyuka hubeba damu na utelezi, na samaki anayelala humo anaoza huku wewe unaona barafu bado ipo.

Ukinunua, anza na mashavu. Ngozi humwagiwa maji ing'ae, na macho hupata ukungu kwa kugusana na barafu tu, lakini mashavu ni vigumu kuyaficha. Mekundu, chukua. Ya kahawia au kijivu yenye ute mzito, acha. Kama yameshatolewa, bonyeza mgongoni: nyama nzima hurudi, iliyochoka hubaki na shimo. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, hupasuka tumbo upesi, kwa hiyo nunua wa kuuza siku hiyo. Wakibaki wazima, waanike mapema.

Vibua na jodari wa pwani wana hatari yao. Wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu iitwayo histamini, wakati mwingine kabla hawajanuka. Mlaji huwaka uso, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio. Kukaanga hakuiondoi, wala kugandisha. Wakikufikia wameshayeyuka na kupata joto, wakatae, hata kwa nusu bei.

Na jioni, aliyebaki ukimtilia shaka usimpeleke kwenye karai la mafuta ili auzike kesho. Mfukie, uandike hasara, na safari ijayo agiza mzigo mdogo zaidi.