Kinga ya mama inamfikiaje mtoto tumboni? Maswali yenu

Shikamoo mama mkunga. Nina mimba ya miezi mitano. Nesi kanichoma sindano ya pepopunda akasema, "Hii ni ya mtoto." Mbona nasikia damu yangu na yake hazichanganyiki? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Hazichanganyiki kweli, na nesi naye kasema kweli. Kila mama akijifungua, kondo la nyuma nalikagua kwenye trei. Lina uzito wa kama nusu kilo. Upande wa mtoto ni laini, unang'aa, na ndiko kitovu kilikoshikia. Upande uliogandia mfuko wa uzazi una mafungu mekundu, kumi na tano hadi ishirini. Ndani yake mna vijimizizi vya mtoto vilivyozama katika damu ya mama, vikiwa vimefunikwa na utando. Hapo ndipo kinga inapopita.

Chanjo inaufanya mwili wako utengeneze kingamwili, na inayovuka ni aina moja tu, IgG. Utando unameza matone madogo mno ya damu yako na kuyafungia kwenye vifuko. Ndani ya kifuko mna uchachu, na katika uchachu huo IgG inang'ang'ania kipokezi kiitwacho FcRn. Protini zisizoshikwa huvunjwavunjwa, iliyoshikwa inasalimika. Kifuko kikifika upande wa mtoto uchachu unakwisha, mshiko unalegea, na kingamwili inaachiwa iendelee na safari hadi kwenye damu yake. Nimezalisha miaka mingi na jambo hili bado linanigusa kila nikilieleza.

Kama hii ni sindano yako ya kwanza, ya pili ifuate baada ya wiki nne, na isipungue wiki mbili kabla ya kujifungua, ili mwili upate muda. Vijidudu vya pepopunda huingilia kwenye kidonda cha kitovu, siku ambazo mtoto hana kinga nyingine ila hiyo yako.

Mwanangu ni njiti, kazaliwa wiki ya 30. Kwa nini wananikataza asishikwe na watu wengi? (Morogoro)

Pole na hongera, dada. IgG huanza kuvuka kidogo kidogo kama wiki ya 13. Wiki ya 28 hadi 32 mtoto huwa na karibu nusu ya kiwango cha mama, na mzigo mkubwa hupita wiki za mwisho. Aliyetimiza miezi mara nyingi huzaliwa nayo nyingi kuliko mama yake. Wako katoka kabla mzigo haujafika. Si kosa lako. Mpe dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, hata kwa matone ya kukamua: yana IgA, kingamwili isiyopita kwenye kondo, ambayo hulinda koo na utumbo wake. Na anayetaka kumshika anawe mikono kwanza, hata akiwa bibi yake.

Naishi na VVU na dawa natumia vizuri. Kipimo cha haraka cha mtoto wa miezi miwili kimesoma chanya. Mume wangu kakata tamaa. (Mbeya)

Mwonyeshe majibu haya leo. Kipimo kile hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, na hizo ni zako zilizovuka kwenye kondo. Zinaweza kukaa kwa mtoto hadi miezi 18. Kinachotafuta virusi vyenyewe ni PCR: anatobolewa kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Kama hakikufanyika kwenye wiki ya sita, nenda kliniki kesho ukakiulize. Dawa zako na za mtoto usiziache.

Kwa nini chanjo ya surua inangoja miezi 9? (Kisumu)

Kwa sababu kinga ya mama huiua chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. IgG hupungua nusu kila wiki tatu hivi, ndiyo maana inasubiriwa ipungue.

Damu yangu ni O hasi, ya mume ni chanya. Kuna hatari gani? (Zanzibar)

Kipokezi kile hakichagui IgG nzuri na mbaya. Damu ya mtoto aliye chanya ikikuingia, hasa wakati wa kujifungua, mwili wako unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, nazo zitavuka na kuharibu chembe nyekundu za mtoto anayefuata. Ipo sindano ya kuzuia, anti-D: iulizie kwenye wiki ya 28, na mtoto akiwa chanya uchomwe tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Mimba ikiharibika pia, wahi uiulizie.