Maswali na majibu: Mnataka 333, mmeangalia memori kadi?

Sanduku la barua limejaa maswali ya spidi tena. Korosho zikishauzwa na vijana wakishika hela kidogo, kila mtu anakumbuka gemu yake ya mkononi inakwama, na kila mtu ana dawa moja kichwani: ipandishwe megahezi, yaani kasi ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za mashine. Nimechagua maswali haya machache. Yaliyobaki ni yale yale, na mengine hayataji hata mashine.

Gemu yangu inakwamakwama, naipandishaje spidi? (Chikongola)

Gemu gani? Mashine gani? Emuleta gani (ile programu inayoiga mashine nyingine)? Umeniandikia kama mtu aliyempigia daktari, akasema "naumwa", akakata simu.

Shikamoo fundi. Nina PSP 3000, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony. Kuna fundi anataka 15,000 anifungulie spidi mpaka megahezi 333 ili magemu ya Game Boy Advance (GBA), mashine ya zamani ya Nintendo, yasikwame. Haitaungua? (Mikindani)

Marahaba. Haitaungua, na hiyo elfu kumi na tano kaa nayo. Fundi wako hajabuni kitu. Prosesa ya PSP tangu mashine ilipotoka Japani, Desemba 2004, iliundwa iweze kufika megahezi 333. Sony wenyewe ndio waliowabana watengenezaji wa magemu kwenye 222 ili betri isiishe upesi, na mwaka 2007 ilipotoka femuwea (programu ya ndani ya mashine) 3.50 wakawaachia. Kuitoa 222 kuipeleka 333 si kuilazimisha. Ni kuirudisha kwenye uwezo wake. Kama tayari umeweka femuwea isiyo ya Sony, bonyeza Select ukiwa menyu kuu, tafuta mstari wa kasi ya prosesa, weka 333 upande wa magemu, upande wa menyu uache ulivyo. Dakika moja, bure. Emuleta ya gpSP, inayochezesha magemu ya GBA, nayo ina mahali pake pa kupangia kasi ndani ya menyu yake, kwa hiyo inawezekana tayari unacheza kwenye 333 na hujui.

Sasa nikuulize ambalo fundi hajakuuliza. Inakwama vipi? Kama inakwenda vizuri, halafu ukiingia sehemu mpya inasimama kidogo na kuendelea, hiyo si prosesa, hiyo ni kadi. Magemu makubwa ya GBA hufika megabaiti 32, na emuleta ikikosa nafasi kwenye memori ya ndani husoma gemu kipande kipande kutoka kwenye kadi. Ukiwa na kadi ya mitaani iliyoandikwa 64 GB na ndani ina 4, hata ukiipa mashine megahezi elfu itasubiri tu. Lakini kama inakwenda pole muda wote na sauti inapasukapasuka kama redio iliyokosa stesheni, hapo ndipo prosesa inapozidiwa. Sauti ndiyo inayotangulia kuharibika, macho yanachelewa kugundua.

Kadi ipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, ambayo inaijaza kadi yote halafu inasoma ilichoandika. Ikigoma katikati, umeuziwa karatasi. Nimelisema hili mara nyingi mpaka mke wangu amelikariri.

Nitumie magemu ya SNES, ile mashine ya zamani ya Nintendo, kwa WhatsApp. (Hakutaja alipo)

Hapana.

PSP yangu ni 333 tayari. Kwa nini magemu ya PS1 (PlayStation ya kwanza) yanateleza, lakini ya SNES, ambayo ni ya zamani zaidi, mengine yanasuasua? Prosesa ya SNES si ni megahezi 3.58 tu? (Mwalimu, Nachingwea)

Hili ndilo swali. Mwalimu, ungejua nimelisubiri muda gani.

Tatizo ni kulinganisha namba mbili kana kwamba zinapima kitu kimoja. SNES haikuwa prosesa ya 3.58 peke yake. Ilikuwa na chipu za picha zenye kazi yao, chipu ya sauti yenye prosesa yake yenyewe, na kaseti nyingine zilibeba chipu ya ziada ndani, kama Super FX, iliyokuwa na kasi kuliko mashine mama. Zote zilifanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikimsikiliza mwenzake. Wewe unaiambia PSP iwe hao wote peke yake. Umeona sindimba inavyopigwa: ngoma kadhaa, kila mpigaji na mapigo yake. Sasa mtoe kila mtu uwanjani, abaki mmoja, azipige zote, na asipoteze pigo hata moja, mara 60 kwa sekunde. Hata awe na mikono myepesi, kuna wimbo utamshinda. Ndiyo maana magemu ya Super FX yanaitesa PSP wakati mengine ya SNES yanakwenda.

PS1 ni kisa tofauti. Prosesa yake ni ya ukoo wa MIPS, ya megahezi 33.87, na ya PSP ni ya ukoo huo huo, lugha yao ni moja. Mengi hayahitaji mkalimani. Tena emuleta yenyewe ni ya Sony, watu waliokuwa na michoro ya mashine mezani.

Ushauri: kwenye Snes9xTYL, emuleta ya SNES ya kwenye PSP, ruhusu kuruka fremu (picha) moja, na sauti usiizime mpaka ushindwe. Nintendo 64 usiniulize. Kwenye PSP ni mateso hata kwa 333.

PS Vita, mdogo wake PSP, niipandishe mpaka megahezi 500? (Lindi mjini)

Kawaida yake ni 333 na magemu mengi ya zamani hapo yanatosha. Ijaribu 444 kwanza, ikitosha ishia hapo.

Nina kibanda cha gemu, PSP sita, nakodisha kwa nusu saa. Zote nimeweka 333. Betri tatu zimevimba mpaka mfuniko haufungi. Ni ovakloki (kupandisha spidi)? (Masasi)

Ovakloki ina sehemu yake ndogo. Niambie ukweli: si zinachezwa zikiwa kwenye chaji kutwa, juu ya meza, chini ya bati, saa nane mchana? Betri ya lithiamu inachukia vitu viwili, joto na kukaa imejaa muda wote, na wewe umeipa vyote. 333 inaongeza joto kidogo na kunywa chaji zaidi, kwa hiyo watoto hawaichomoi waya, kwa hiyo inazidi kupata moto. Mduara.

Halafu betri ulizonunua zimeandikwa ngapi? Ya asili ya PSP 2000 na 3000 ni mAh 1200 (kipimo cha chaji inayobebwa). Ya 1000, nene zaidi, ni 1800. Ukiona ile nyembamba imeandikwa 3600, mwandishi alikuwa na wino mwingi.

Hizo tatu zitoe leo. Usizitoboe "zitoe hewa", usizibane na mfuniko, usizitupe kwenye moto wa taka. Ziweke mbali na vitu vinavyoungua mpaka upate pa kuzipeleka. Watoto wanazishika mikononi, ndugu yangu, karibu na uso. Ningekuwa mzazi wa Masasi ningekuja kukagua hicho kibanda mwenyewe. Magemu yasiyohitaji 333 yarudishe 222, yapo mengi.

Simu yangu ya Android inakimbiza PPSSPP, emuleta ya PSP, vizuri dakika kumi, halafu inakuwa nzito. Nimeambiwa niiruti (niifungue kufuli za mfumo) niipandishe spidi. (Shangani)

Aliyekuambia anataka simu yako iwe tofali. Simu inaanza vizuri, maana yake uwezo upo. Ikipata moto inajishusha kasi yenyewe ili isiungue, na ukiipandisha itapata moto mapema na kujishusha mapema. Utakuwa umelipia spidi upate konokono. Vua kava la mpira, acha kucheza ikiwa kwenye chaji, zima hali ya kuokoa betri, punguza ukubwa wa picha ndani ya PPSSPP mpaka 1x au 2x, jaribu Vulkan, njia nyingine ya kuchora picha iliyomo humo. Na usikae barazani kwenye jua la Desemba ukanilalamikia.

Unatutisha na joto. Mimi nacheza kutwa na mashine haipati moto. (Newala)

Uko juu ya uwanda, unalala na blanketi. Shuka nayo Mtwara.

Mjomba amekuja likizo kaniachia Switch yake, mashine ya gemu ya Nintendo. Nimeona video mtu kaifikisha megahezi 1785 kwa programu ya sys-clk. Na mimi naweza? (Kidato cha tatu, Mtanda)

Namba hiyo ni ya kweli. Prosesa ya Switch kwa kawaida inakwenda 1020, na tangu 2019 Nintendo wenyewe huipandisha mpaka 1785 kwa muda mfupi wakati baadhi ya magemu yanapakia. Kwa muda mfupi, dogo. Na hiyo sys-clk inataka kwanza mashine ivunjwe kufuli, jambo ambalo Nintendo wakiligundua huifungia isiingie mtandaoni kwao tena. Kuna akaunti ya nani humo ndani, na magemu aliyonunua nani?

Huku kwetu kusini mjomba si mtu wa kumkosea. Anarudi lini?