Anza kuishi kwa pensheni ukiwa bado kazini

Kaa na walimu waliobakiza mwaka mmoja au miwili kustaafu, hamtachelewa kufika kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao. Nani kapata ngapi, nani hela yake haijatoka, cha zamani kitarudi lini. Yote hayo ni mkupuo tu, ile hela ya mara moja unayopewa ukistaafu. Pensheni ya mwezi, ambayo ndiyo itanunua unga na luku miaka yote iliyobaki, huisikii.

Hesabu yenyewe haina siri. Kwa aliye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, chukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Tuseme mshahara wa mwezi ni shilingi 1,000,000, yaani milioni 12 kwa mwaka, na umechangia miezi 360: unapata kama 7,448,000 kwa mwaka. Kwa sisi tuliotoka PSPF, moja ya mifuko ya zamani iliyounganishwa kuwa PSSSF, bajeti ya 2024 ilipandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40. Basi asilimia 40 ya hiyo hela inazidishwa mara 12.5, unapewa takriban milioni 37.2. Asilimia 60 inagawanywa kwa miezi 12, na hapo ndipo pa kutulia: kama 372,000 kwa mwezi. Umezoea milioni, hata kama makato yalikuwa yanaimega.

Nilipopiga hesabu yangu, miaka kadhaa kabla ya muda, nilimwambia mzee, mume wangu, tuanze kuishi kana kwamba nimeshastaafu. Yeye alikuwa ameshatoka kazini, na pensheni yake ilikuwa inaishia kwenye ada ya mtoto wetu wa mwisho. Mshahara ukiingia, tunaacha kiasi cha pensheni. Kinachozidi kinahama siku hiyohiyo. Kwanza kilimaliza deni la SACCOS, halafu kikawa kinakwenda UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja.

Mwezi wa kwanza hela haikufika tarehe 20. Nikafungua daftari nikitegemea kukuta nyama na sukari. Wapi! Ilikuwa michango: harusi tatu, zote kadi ya dabo, sendofu ya binti wa jirani, kipaimara, rambirambi. Tukakata shauri kwamba msiba hatuupi mgongo, ila harusi ni ya ndugu wa karibu, na kadi ni singo. Kuna wanakamati mpaka leo salamu yao ni ya nusu mdomo.

Kuhusu mkupuo, jua kwamba habari zake hufika kwa ndugu kabla ya benki. "Mama mkubwa, leta milioni kumi na tano tu, Noah ya Morogoro–Kilosa inalipa." Kijana wangu huyo nampenda, lakini gari sijui hata linabadilishwa oili lini. Biashara unayotaka kuifanya uzeeni ianze kazini, ikiwa ndogo, mshahara ukiwa bado unakusitiri. Kuku wa mayai mia wakifa kwa mdondo ukiwa na mshahara, umejifunza chanjo. Wakifa elfu moja walionunuliwa kwa mafao, ndiyo basi.

Hela yangu ya mkupuo niliiweka yote Mfuko wa Ukwasi wa UTT mpaka simu za ndugu zilipopungua. Baadaye sehemu ilikwenda hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu, ambako unaweza kuanza na milioni moja na riba huingia mara mbili kwa mwaka. Riba hiyo naipangia bima na mabati, siyo mboga.

Na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kuumiza, wakae mbali. Wapo wanaobaki na kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba yake ya siri, pensheni ikiingia wanatangulia wao kuichukua.

Mengine ni karatasi, na karatasi hazisubiri mwaka wa mwisho. Jina la NIDA lifanane na la kwenye barua ya ajira. Pitia michango yako mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo, mfuate mwajiri wakati wanaokujua bado wako ofisini. Cheti cha ndoa mwenzako ajue kilipo. Mmoja akitangulia, akaunti yake haiguswi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, kwa hiyo kila mmoja awe na akaunti yake yenye akiba ya kuendesha nyumba miezi kadhaa. Sisi ya akiba ya mzee tuliifungua mwaka uleule tulioanza kuishi kwa pensheni, akinung'unika kuhusu makato ya benki.