Chama cha wamiliki wa ghorofa si hiari

Wengi huuliza kama mwenye apatimenti anaweza kujitoa kwenye chama cha wamiliki wa jengo. Hapana, ukishanunua apatimenti yenye hati ya sehemu ya jengo, huwezi kujitoa. Uanachama unakuja na hati yenyewe, chini ya sheria ya Tanzania ya umiliki wa sehemu za majengo, Na. 16 ya 2008. Na sevisi chaji, yaani ada ya kutunza jengo, utalipa hata kama unaishi chini na lifti huigusi, maana lifti, paa, ngazi na chemba ni mali yenu wote.

Nimekaa kwenye kamati ya jengo letu Upanga, Dar es Salaam, miaka mitatu. Raha yake: pampu ya maji ikiungua asubuhi, jioni fundi ameshaondoka, hakuna kuchangishana mlango kwa mlango. Karaha ni wadaiwa. Kuna jirani aligoma kulipa miezi minane kisa hapendi rangi tuliyopaka kwenye korido (kweli rangi ilikuwa mbaya), tukamlipia sisi mafuta ya jenereta. Halafu kuna masharti: kufuga kuku kwenye roshani sahau, na ukitaka kubomoa ukuta uombe kibali.

Kabla hujalipia apatimenti, dai mahesabu ya chama ya mwaka jana na uulize muuzaji kama anadaiwa.

Ila kama ni nyumba ya kujitegemea mtaani, Goba au Kigamboni, hayo hayakuhusu. Huko ni serikali ya mtaa na michango ya ulinzi shirikishi, ni habari nyingine.