Muulize Fundi: SSD haijafa, kuna kitu kimebaki kwenye diski ya zamani

Swali: Kaka fundi habari za kazi. Nina steshenari hapa Uyole, laptopu yangu ni Dell Latitude E6430 ya mtumba, ilikuwa nzito mpaka mteja anaondoka kabla Word haijafunguka, nikashauriwa niweke SSD, ile diski mpya ya kasi. Nikanunua ya GB 240 pale Mwanjelwa, fundi wa hukohuko akanihamishia vitu vyote toka diski ya zamani ya GB 500, akatoa DVD akaiweka hiyo ya zamani kwenye lile fremu wanaloita kedi. Dukani iliwaka fresh. Juzi nikachomoa ya zamani nimpe mdogo wangu, kuwasha naona skrini nyeusi imeandika No bootable device. Nikiirudisha inawaka, ila kusema ukweli uzito ni uleule tu. Niirudishe SSD dukani?

Jibu: Dada wa Uyole pole sana, na usirudishe kitu bado. Hayo maneno yako ya mwisho, kwamba uzito ni uleule, ndiyo yamenipa jibu. Hiyo mashine haijawahi kuwaka kwa SSD hata siku moja. Inawaka kwa diski ya zamani toka ndani ya kedi, SSD imekaa tu kama abiria aliyelipa nauli akasahaulika stendi ya Kabwe, na siku uliyochomoa ya zamani ukawa umeondoa dereva.

Hakikisha mwenyewe, ni dakika mbili. Rudisha ya zamani, washa, bonyeza kulia pale Start uchague Disk Management. Chini utaona diski mbili zimechorwa kama mabenchi. Tafuta maneno mawili, System na Boot. Sasa hapa Microsoft wametuchanganya kidogo, maana kipande kilichoandikwa System ndicho kinachoanzisha kuwaka, alafu chenye Boot ndicho Windows yenyewe inakotembelea. Ukikuta yote mawili yako kwenye ile ya GB 500 basi kesi imeisha, na nina hakika kwenye SSD utaona kipande kimoja kirefu tu.

Kilichotokea ni hivi. Diski yako ina C, ina D, na ina kengine kadogo cha MB chache ambacho hakina herufi wala hukioni ukifungua This PC. Humo ndimo yanakaa mafaili ya kuamshia Windows. Fundi alikuwa anahamisha toka GB 500 kwenda 240 (na hiyo 240 Windows yenyewe itakuonyesha kama 223, hujaibiwa, ni hesabu zao tu), akaona haienei, akakloni (yaani akanakili diski kama ilivyo) C peke yake. Kale kadogo kakabaki. Simlaumu sana, nami nishafanya hivyo, ila kosa lake ni kukuwashia dukani bila kuchomoa ya zamani, hilo si jaribio.

Dawa yake: kabla hujagusa chochote bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, soma mstari wa BIOS Mode (BIOS ni ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows) kama ni Legacy, yaani mtindo wa zamani wa kuwaka, au UEFI, ule mpya, uandike kwenye karatasi. Watu wengi laptopu ikigoma wanakimbilia BIOS wanabadili hiyo kitu hovyo, sasa diski iliyopangwa kwa MBR (mpangilio wa zamani wa vipande) inataka Legacy na ya GPT (mpangilio mpya) inataka UEFI, ukizichanganya unakuwa na magonjwa mawili badala ya moja. Yako iache kama ulivyoikuta.

Alafu kloni upya. Kwenye programu ya kukloni chagua kale kadogo pamoja na C, D iache ilipo (kwahiyo diski hiyo usimpe mdogo wako bado), itaendelea kukaa kwenye kedi na mitihani yako na picha za paspoti za wateja. Cha msingi vitu vilivyomo C visizidi nafasi ya SSD. Betri iwe imejaa, maana umeme ukikatika katikati unaanza moja. Ikimaliza, zima, CHOMOA ya zamani kabisa, ndo uwashe; ikishawaka vizuri ndo uzime uirudishe kwenye kedi. Hii usiruke. Zikiwa ndani zote mbili mara ya kwanza zinafanana kama mapacha na Windows inaweza kushika ile isiyo yenyewe. Ikikataa bonyeza F12 nembo ya Dell ikitokea, uchague SSD.

Na kama kwenye F12 haionekani kabisa? Hapo angalia ilivyokaa. SSD nyingi zina unene wa milimita 7 na nafasi ya diski kwenye laptopu za zamani ilitengenezwa kwa 9.5, kwahiyo inacheza. Niliwahi kutengeneza ya jamaa wa Tunduma, mezani kwangu inawaka, akifika kwake haioni diski, karudi mara mbili na nauli yake. Nikaja kugundua mtikisiko wa basi unainyanyua kidogo inaachia pini. Nilikata kipande cha boksi la SSD yenyewe, nikakunja mara mbili, nikakiweka chini yake. Hajarudi tena.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, niko Tukuyu likizo. Nimenunua SSD ya NVMe, zile nyembamba za kasi zaidi, imeingia kwenye tundu vizuri na skrubu imefika, ila BIOS haiioni kabisa. Ndaga (asante).

Jibu: Marhaba mwanangu. Kuingia si kukubaliwa. Kuna matundu ya M.2 (ndilo jina la hilo tundu jembamba) yanayopokea umbo la NVMe lakini waya zake ni za SATA tu, ile njia ya zamani ya diski, hapo utabadilisha mipangilio mpaka kuche. Angalia meno ya SSD: yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Tafuta kitabu cha modeli yako, kikisema SATA tu basi nenda kabadilishe, na usibandue ile stika, wenye duka wengi hawapokei ikishabanduliwa.

Swali: Fundi, niko Makambako. SSD yangu ilifanya kazi miezi kadhaa, sa hivi inaleta skrini ya bluu INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na inarudia rudia. Tarehe nayo imerudi nyuma miaka. Au ni hii baridi?

Jibu: Baridi ya Makambako hapa haihusiki kaka. Tarehe ikirudi nyuma jua betri ndogo ya saa imekufa, na BIOS imesahau ulichoiwekea. Ingia humo utafute SATA Operation. Bila shaka imejirudisha RAID On wakati Windows yako iliwekwa ikiwa AHCI, hizo ni njia mbili tofauti za kuongea na diski. Rudisha AHCI, sevu, itawaka. Alafu nunua betri, kwenye laptopu nyingi ni CR2032 yenye kiwaya, la sivyo kila ukiiacha bila chaji utakuwa unarudi kulekule.